Komunyo ya Mzee Zacharie

"Fungua dirisha, binti, hata uso wake siuoni," padri alisema.

"Upepo utammaliza, Padri," Isabeau alijibu, asibanduke dirishani.

Mgonjwa alilala kaelekea ukutani, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, skafu imezungushwa kidevuni. Alikuwa akihema kwa kukoroma. Padri aliletwa huku kwenye milima ya Cévennes mwezi uliopita tu, naye alimjua Mzee Zacharie kwa sifa, hakuwahi kumwona. Nani asiyezijua? Tangu Mfalme apige marufuku dini yetu ya Kiprotestanti, Zacharie ndiye aliyetuongoza kuimba zaburi mapangoni. Aliapa kwamba hata akiwa anakata roho, hatamfungulia padri mdomo apokee komunyo.

Maneno mazuri hayo, kwa mtu asiye na wa kumwachia kitu. Sheria ilikuwa wazi: mgonjwa akimkataa padri kisha akafa, maiti yake inaburutwa barabarani kifudifudi, na nyumba na shamba vinachukuliwa na Mfalme. Isabeau, mke wa mwanawe, alikuwa na watoto wawili wadogo. Wakitolewa humu, baridi hii angewalaza wapi?

"Mumeo yuko wapi?" padri aliuliza.

"Étienne? Kapeleka kondoo mlimani."

"Afadhali. Naambiwa kichwa chake kigumu kuliko cha baba yake."

Askari aliyesimama mlangoni akacheka. "Angekuwepo, saa hizi angeshaokota meno yake chini."

Padri aliinama kitandani. "Zacharie, unarudi katika Kanisa la kweli?"

Mgonjwa alizidi kugeuzia uso ukutani.

"Wafikirie watoto," Isabeau alisema. "Nakusihi. Watoto tu."

Mkono ulichomoka chini ya blanketi, ukabana ukingo wa kitanda mpaka mbao zikalia.

"Mbona bado ana nguvu?" padri alishangaa.

"Homa hiyo, Padri."

"Narudi," sauti ilitoka ndani ya skafu, nzito, kama inang'olewa. Mdomo ukafunguka polepole. Padri akaweka hostia, mkate wa komunyo, kwenye ulimi, akapenyeza kidole chini ya kofia na kumpaka mafuta matakatifu kwenye paji la uso, akamgeukia Isabeau.

"Wewe hulii?"

"Nimelia alfajiri mpaka machozi yameisha."

Nje majirani walikuwa wamejazana, wakingoja kusikia. Padri aliwatangazia kwa furaha kwamba Zacharie amepokea komunyo, naye atazikwa kwa heshima zote za kanisa. Padri na askari walipopotea kwenye kona, Bibi Judith, aliyesali na Zacharie tangu ujana wao, alisogea mpaka kizingitini.

"Miaka yote hiyo anatutisha na moto wa milele, anatuita waoga," alisema. "Kumbe mdomo tu!"

Akatema mate pale pale kizingitini, akaondoka. Wengine walimfuata bila hata kumpa Isabeau pole.

Isabeau aliingia ndani, akakomea mlango. Étienne alikuwa ameshatupa kofia na skafu, kapiga magoti juu ya ndoo, anatapika. Alipomaliza, walishuka zizini chini ya nyumba bila kutazamana, wakafukua majani makavu, wakambeba Mzee Zacharie aliyekufa alfajiri akiwa ameuma meno, wakamlaza kitandani mahali palipokuwa bado na joto la mwanawe.