Inchi Mbili za Kukulia

Masharti ya ofisi ya mizigo yalikuwa boksi la baiskeli lisizidi urefu wa inchi hamsini na tano. Bi Somoe alilipima nyumbani mara tatu kwa futi yake ya kushonea, akapata hamsini na saba. Akabandua selotepu, akaliminya, akalifunga upya. Hamsini na saba ileile. Akalipeleka hivyohivyo, akiwa tayari kubishana.

Karani wa mizigo, binti mpole, alilipima mwenyewe.

"Hamsini na tano, mama. Linapita."

"Haiwezekani, mwanangu. Mimi fundi cherehani, mwaka wa thelathini huu napima watu."

"Hebu pima nione."

Bi Somoe akanyoosha futi toka ncha hadi ncha, kisha kidole gumba kikateleza chenyewe, kikavuka ukingo wa boksi.

"Mbona unazidisha?"

"Inchi mbili za kukulia," akajibu.

Suruali zote za shule za Faraji, mwanawe wa pekee, alizikata hivyo, na kila Januari akifungua pindo kidogo. Sasa Faraji kapata kazi huko mbali aliko, na ameagiza apelekewe baiskeli yake kwa sababu harudi tena.

Karani akaandika hamsini na tano, akagonga muhuri.

Nyumbani, pale baiskeli ilipokuwa ikiegeshwa, ukutani zilibaki alama mbili nyeusi za magurudumu. Bi Somoe alivua futi shingoni, akainama, akapima toka alama moja hadi nyingine. Safari hii hakuongeza kitu.