Chupa ya Kutuliza Mawazo

Mume wao alirudi Kinole kutoka mjini na chupa moja tu ya kinywaji cha kutuliza mawazo, akampa mke mdogo. Mwanvita, mke mkubwa, akamnyang'anya mwenzie ili asome kilichomo.

"Mchaichai? Si umejaa tele hapo nyuma ya choo!"

"Nirudishie, dada. Halafu nina kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu yumo ndani, wala hajabisha hodi."

Mkono wa mke mdogo ulitulia tumboni, juu ya fundo la khanga. Mwanvita hakuomba mji. Mgeni huyo yeye alimngoja miaka kumi na miwili.

Akarudisha macho kwenye chupa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa: mjamzito asinywe.

"Nipe basi, dada!"

Angempa tu, na nani angemlaumu? Kusema alichokisoma, neno lenyewe lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Akafungua kizibo, akainywa yote, hadi ikamchirizika kidevuni.

"Wivu gani huo, dada!"

"Wivu, ndiyo," alisema Mwanvita, akijifuta kidevu. "Na akikuletea nyingine, nitainywa hiyo pia."