Mtani wa Dokta Sikudhani

Kompyuta ilipomaliza kulinganisha vinasaba vya mtu wa mwisho nchini, Dokta Sikudhani Pazi alipiga kigelegele, na maabara nzima ikaitikia. Kazi ya miaka thelathini na moja ilikuwa imezaa matunda. Hakukuwa tena na mtoto wa kuokotwa asiyejua kwao. Na sheria ilisema wazi: kanzidata ikimtaja mtu kuwa ndugu yako, mtaishi kwa heshima zote za ndugu.

Alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi, akapika sufuria kubwa la pilau, maana lazima Mihayo angekuja. Mihayo, jirani yake Mnyamwezi, alikuwa mtani wake wa siku nyingi. Alizoea kuingia bila hodi, kufunua sufuria na kutangaza kwamba Wazaramo wanajua kula tu, kupika hawajui. Katika msiba wa mume wa Sikudhani, Mihayo alivaa kanzu ya marehemu akaiga alivyokuwa akichechemea, hadi mjane akacheka katikati ya kilio.

"Hodi," sauti iliita mlangoni.

Alikuwa Mihayo, kofia mkononi.

"Tangu lini unabisha hodi, mwizi wa nyama wewe?"

"Shikamoo, dada. Majibu yametoka. Kumbe babu zetu walizaliwa tumbo moja! Hongera sana. Sasa nitakutaniaje tena?"

Alikula taratibu, akasifia pilau, akaaga.

Sikudhani alilitazama koti lake jeupe la maabara likining'inia ukutani. Siku akifa, nchi nzima ingemzika kwa heshima zote. Hakuna ambaye angelivaa.