Redio Yenye Sauti ya Kiume

"Ongeza sauti!"

Makarius akaongeza. Gaudensia alikuwa ameshatoka dukani, amevuka barabara, amesimama ng'ambo kwenye genge la nyanya. Duka kalipa kisogo kabisa, kiganja kakiweka sikioni.

"Ongeza tena, baba! Huku haifiki!"

Watu wa pale stendi ya Mpanda wakaanza kuchungulia. Wengi wameona redio ya gari ikipimwa, lakini si toka ng'ambo ya barabara. Makarius akazungusha mpaka mwisho. Hakuwa na ubavu wa kuchagua wateja.

Redio mbili zile za skrini, zenye ramani ndani na sauti ya kumwelekeza dereva njia, alizifuata mwenyewe mpaka Mwanza, na zilikuwa zimekaa mezani tangu mavuno yaliyopita. Madereva walikuja, wakazipapasa, wakamcheka. Kwenda Sitalike barabara ni moja, kwenda Kasekese ni moja, nani apotee? Mkewe, Séverine, hakucheka. Alimwambia hivi: Pasaka ikipita hazijatoka zote mbili, hapo mezani anaweka cherehani yake, na Makarius arudi kutembeza chaja kwenye mabasi kama zamani.

Na Pasaka ilikuwa wiki inayofuata.

Gaudensia akarudi anatikisa kichwa.

"Lakini mama, hii ndiyo pana," Makarius akabembeleza. "Ina kamera ya kurudi nyuma, simu inaingia, Katavi nzima imo. Angalia, Sitalike hii hapa."

"Sitalike naijua, ndiko kwetu. Tatizo hiyo sauti ni ya mwanamke."

"Ni sauti nzuri."

"Nzuri ya kumbembelezea mtoto. Sisi wanawake tumepiga kelele mpaka koo zimekauka, wametuzoea. Wanatutazama tu, wanaendelea na yao."

Makarius akacheka kwa kujua. "Wanaume hao, mama! Hata mimi nyumbani kwangu..."

"Hebu iseme hiyo nyingine."

Hiyo nyingine ilikuwa na skrini ndogo na mkwaruzo ubavuni. Makarius akaiunga kwenye betri. Gaudensia akavuka tena barabara, akageuza kisogo. Redio ikatangaza kwa sauti nzito, kama katekista mwenye mafua: "Endelea mbele mita mia tatu!" Mbuzi aliyekuwa anatafuna boksi karibu na mlango aliruka, akatimua mbio.

Gaudensia alimsindikiza yule mbuzi kwa macho mpaka alipokata kona. Akarudi dukani anatembea taratibu.

"Lazima iwe inatembea ndiyo iseme?"

"Hapana. Ina safari ya maonyesho humu ndani. Ukiiwasha inasema yenyewe, ikimaliza inaanza upya. Hata hapa mezani itakusemea kutwa nzima."

"Na hiki kioo kinaweza kuzimwa?"

"Kioo?" Makarius akashangaa. "Kinazimika. Lakini mama, kioo ndiyo utamu wenyewe."

"Kizime. Niongezee spika mbili kubwa, na waya mrefu. Mrefu kweli, usinibanie."

Waya mrefu, spika mbili za nje. Makarius akapiga hesabu zake kichwani, akajua. Fuso hilo. Huyu mama ana Fuso, tena ana madereva wakaidi.

"Gari lilete hapa nikufungie mwenyewe, bure."

"Tutafunga wenyewe."

"Dereva ni mzee wa nyumbani?"

"Mzee wangu? Huyo hata baiskeli anaiogopa." Gaudensia akafungua kitenge chake, akaiweka redio katikati kama mtoto mchanga. "Ila sikia, mwanangu. Wasiponisikiliza msimu huu nao, mimi na watoto tumekwisha. Isiponifaa, naileta na hela yangu unanirudishia. Tumeelewana?"

Kwa siku nyingine Makarius angekataa. Lakini alifikiria cherehani.

"Tumeelewana, mama."

Wiki hiyo kila Noah ya abiria iliyotoka upande wa Sitalike ilimkata maini. Akimwona mwanamke anashuka na furushi, anajificha nyuma ya kabati. Ijumaa Kuu ikapita. Pasaka yenyewe akaenda kanisani, hata mahubiri hakuyasikia. Jumatatu ya Pasaka akafungua duka mapema, naye Séverine akatokea na mkokoteni, cherehani imefungwa kamba juu yake.

"Imebaki moja," Séverine akasema. "Pisha."

Kabla hajapisha, Gaudensia akaingia. Hakubeba kitu. Alikuwa anavutwa kitenge na mwanamke mrefu wa Kisukuma, mwenye matope mpaka magotini na uso wa shari.

"Huyu ndiye aliyekuuzia?" yule mwanamke akauliza.

"Ndiye, Nyanzala. Niachie basi, utanichania."

Makarius akawahi kuuliza. "Mama Gaudensia, imeharibika?"

"Iharibike wapi! Inafanya kazi mno," Nyanzala akamjibia. "Na mimi nataka yangu. Sasa hivi."

Makarius alimtazama mkewe, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Redio pana ikainuliwa pale mezani, ikafutwa vumbi.

"Karibu sana, mama! Yako ni gari gani? Fuso kama la mwenzako?"

Nyanzala akamgeukia jirani yake. "Fuso lipi?"

"Mimi sikusema Fuso," Gaudensia akajibu, anatazama chini, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. "Kasema mwenyewe."

"Fuso tungelitoa wapi sisi!" Nyanzala akapiga meza. "Juzi tembo wametoka hifadhini, wamefika kwenye mahindi ya huyu, mashine yako ikawaambia geuka kulia. Wakasimama, wakasikiliza, wakageuka kulia. Na kulia ndiko shambani kwangu! Mimi nipe inayosema kushoto."