Bangili ya Mzazi

Sheria ilikuwa wazi: kijana asiyefikisha miaka ishirini haruhusiwi kuuziwa pikipiki mpaka mzazi wake avae bangili inayodunda sawasawa na moyo wa mtoto kila anapoendesha. Mwakio, fundi cherehani wa Voi, alimsihi bintiye Wakesho njia nzima hadi mlangoni mwa duka.

"Mwanangu, anza na ile ndogo. Hii ya injini ya cc elfu moja inawashinda hata watu wazima."

"Baba, ile ndogo ni ya kubebea maziwa."

"Basi mimi bangili siivai."

"Mama atavaa," Wakesho akasema kwa upole.

Mkewe alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa ugonjwa wa moyo. Mwakio akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Alijifariji kwamba barabara ingemtisha mtoto, naye akiogopa angepunguza mwendo. Na kweli, Wakesho alipotoka uani bangili ilidunda mbiombio. Mwakio akamshukuru Mungu. Kisha kioo kidogo cha bangili kikaonyesha kasi ya pikipiki: kilomita themanini kwa saa, mia na ishirini, mia na tisini.

Mapigo yakapungua.

Yakazidi kupungua, taratibu, kama ya mtoto mchanga anayesinzia akinyonya.

"Ametulia kweli huyu, mzee wangu," muuzaji akasema akitabasamu. "Haogopi kitu."

Mwakio akaketi kwenye ngazi za duka, akitazama kasi ikipanda.