Kisikizi cha Mama

Siku hizo kila mtu alisikia kwa kisikizi kilichopandikizwa nyuma ya sikio, na kikitimiza miaka kumi kilizimwa na kampuni iliyokiunda. Cha mama yake Nyamizi kilizimwa Jumatatu. Kilishaota mfupani, hakibadilishiki.

Nyamizi, fundi wa redio, hakukubali. Alikichukua kiini cha mfumo mpya, ile programu inayoendesha kifaa kizima, akakipunguza ili kienee kwenye kumbukumbu ndogo ya kisikizi cha mama. Aling'oa hata vipande ambavyo hakujua kazi yake, akakiunda upya. Mara tatu kiligoma. Mara ya nne, taa ya kijani iliwaka.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu! Hata chai inavyochemka!"

Nyamizi alipiga vigelegele. Mama alicheka, akagonga kijiko kikombeni, akawaita kuku ili tu awasikie wakimjibu. Kisha akageukia ukuta wa jirani.

"Mbona huyo mtoto analia hivyo, na hakuna anayekwenda?"

"Mtoto gani, mama?"

Nyamizi alitega sikio. Hakusikia kitu. Taratibu aligusa kisikizi chake mwenyewe, ambacho hakikung'olewa kipande chochote.

Mama alikuwa keshavaa viatu, anafungua mlango.