Kwandu Juu ya Lundo la Pamba

Mgongo wangu umekwisha, wajukuu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wakienda shamba la pamoja, mimi nililinda ghala la pamba pale Ngulyati, na watoto wao wakaachwa kwangu. Kwandu, mjukuu wangu wa miaka saba, miguu ilikuwa haimshiki. Nambeba asubuhi, nambeba jioni. Wenzake wanakimbia, yeye amekaa anawatazama tu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, nikawaingiza wote ghalani. Kwandu nikamlaza juu ya lundo la pamba. Nilichoka, basi.

Wenzake wakalirukia. Wakazama mpaka kiunoni, hakuna anayeweza kukimbia. Kwandu, aliyezoea kutambaa kwa mikono na tumbo, akateleza juujuu akawapita.

"Nikamateni!"

Nani aliwahi kumkimbiza huyu? Pamba ilimshika nywele, ikamshika mpaka kope.

Mara mwenyekiti wa kijiji akatokea mlangoni. "Mzee! Wataichafua, wanunuzi watatuambia ni fifi! Mtoe huyo kiwete wako, wengine watamfuata."

Kweli, pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, ni aibu ya kijiji kizima. Nikainama nimbebe.

"Guku, babu yangu, bado kidogo," akasema, akateleza mbali.

Nikakaa chini.

"Mtoe wewe, mwenyekiti, kama utamkamata."

Akavua viatu vyake vya matairi, akapanda kwa hasira. Hatua ya pili, akazama mpaka mapajani.

Kwandu akamzunguka kwa nyuma, akamgusa mgongo.

"Zamu yako," akamwambia.